Anna Muylaert na yule binti wa dada wa kazi aliyeomba chumba cha wageni

Kuna sehemu moja kwenye muvi ya Kibrazili, mama mwenye nyumba anaagiza bwawa la kuogelea likaushwe maji yote, na sababu anayoitoa ni kwamba kaona panya humo ndani. Sasa panya mwenyewe hatumwoni. Tulichokiona sisi watazamaji ni kwamba muda si mrefu kabla ya hapo binti wa dada wa kazi alikuwa ndani ya yale maji, karushwa na mtoto wa bosi na rafiki yake wakiwa kwenye utani wa ujana, na mama yake akawa anapiga kelele atoke haraka. Kila mtu kwenye ile nyumba anajua panya ni nani ila hakuna anayefungua mdomo, maji yanaondoka, maisha yanaendelea.

Hiyo muvi inaitwa Que Horas Ela Volta?, yaani "Anarudi saa ngapi?", ya 2015, nje ya Brazili walikuwa wanaiuza kwa jina la The Second Mother. Aliyeiandika na kuiongoza ni Anna Muylaert, mwanamama wa São Paulo. Nataka nimchambue kupitia hii kazi moja manake stori yake inasimuliwa vibaya. Kila mahali utasikia kwamba skripti ilikaa karibu miaka 20, hakukata tamaa, mwisho wa siku akashinda, yaani hadithi ya mvumilivu na mbivu zake. Mimi siinunui hiyo. Hela zilikuwa tatizo ndiyo, ila skripti yenyewe ilikuwa na shida ndani yake, shida ilikuwa kwa yule binti, na kama ingepata hela mapema tungeletewa muvi ya kawaida tu ya kumwonea huruma dada wa kazi, tungelia kidogo tukalala.

Turudi nyuma kwanza. Muylaert kazaliwa 1964, akasomea filamu pale USP, Chuo Kikuu cha São Paulo. Sasa angalia bahati mbaya ya muda: anaingia kwenye kazi, mwaka 1990 rais mpya Fernando Collor anaifuta Embrafilme, lile shirika la serikali lililokuwa linatoa hela za filamu na kuzisambaza. Likafutwa hivi hivi, na hakukuwa na kitu cha kuziba pengo. Kufika 1992 muvi za Kibrazili zilizokuwa zinatoka ni za kuhesabu kwa vidole, nchi kubwa namna ile! Dairekta wenye majina makubwa walikaa benchi, sasa binti wa miaka ishirini na kitu aliyefanya filamu fupi fupi angeenda wapi?

Akaenda televisheni, tena televisheni ya watoto. TV Cultura, stesheni ya umma ya São Paulo, ilikuwa inatengeneza vipindi ambavyo Wabrazili wa umri fulani ukiwatajia tu wanaanza kuimba. Alikuwa mmoja wa waandishi wa Mundo da Lua, halafu Castelo Rá-Tim-Bum ya 1994, ile ya Nino, mtoto wa miaka 300 anayeishi kwenye kasri na mjomba wake mvumbuzi na bibi mchawi. Watu wanaipita haraka hii sehemu ya maisha yake kama vile alikuwa anapoteza muda, mimi naona hapo ndo alipojifunzia kazi. Ukiandikia watoto huna nafasi ya kuhubiri, mtoto akichoka anaondoka. Na mtoto anaiangalia nyumba kutoka chini, anajua chumba gani haruhusiwi kuingia, anajua mlango upi ukifunguliwa bila kubisha kuna kofi. Kumbuka hilo manake muvi zake zote ni za nyumba na milango.

Katikati ya hiyo miaka ya 90 akapata mtoto, na hapo ndo wazo likaanza. Kwenye tabaka lake, watu wa kati wenye nafasi wa São Paulo, kulea mtoto ni kazi unayomwachia yaya, na huyo yaya mara nyingi ni mama ambaye watoto wake kawaacha mbali, huko Kaskazini-Mashariki, Pernambuco, Bahia, Ceará, wanalelewa na bibi au shangazi. Yaani mwanamke anaacha wanawe ili alee wa mwenzake, halafu wale wake wanakua bila yeye kwa sababu ya ile hela anayotuma. Wasomaji wa kwetu hapa hakuna haja ya kuelezwa sana, nani hajui dada aliyepanda basi kutoka mkoani, au jirani aliyeenda Uarabuni akaacha wadogo kwa bibi. Skripti ya kwanza ikaitwa A Porta da Cozinha, mlango wa jikoni. Tunza hilo jina akilini.

Ila haikutoka. Sheria ya 1993 ilikuja kuruhusu makampuni kuchukua sehemu ya kodi yao ya mapato na kuiweka kwenye filamu, muvi zikaanza kurudi taratibu, na aliyefungua njia kwenye majumba ya sinema ni mwanamke mwingine, Carla Camurati, na Carlota Joaquina yake ya 1995 iliyovuka watazamaji milioni moja. Lakini fikiria huo mfumo ulivyo: anayeamua muvi gani ipate hela ni mtu wa masoko wa kampuni fulani anayefikiria nembo yake itaonekanaje. Sasa umpelekee muvi ya dada wa kazi jikoni. Haya.

Kwa hiyo alipopata muvi yake ndefu ya kwanza haikuwa hiyo. Ilikuwa Durval Discos, 2002, umri miaka 38. Durval ni mbaba bado anaishi na mama yake, ana duka la santuri nyumbani kwao São Paulo, CD hataki kuzisikia. Mama kazeeka, kupika kumemshinda, wanatafuta dada wa kazi kwa mshahara wa kijinga kabisa, anakuja mmoja mrembo anakubali ile hela bila kubishana, kesho yake hayupo, kaacha kitoto cha kike na kikaratasi. Mwanzoni ni vichekesho, mtoto anapendwa, mama Durval anachanganyikiwa kwa furaha, halafu taarifa ya habari inasema kuna mtoto katekwa. Kuanzia hapo muvi inageuka kama santuri, upande wa A umeisha unaingia B, na upande wa B ni giza. Ikashinda muvi bora tamasha la Gramado.

Umeona lakini? Muvi ya kwanza kabisa na dada wa kazi yumo. Mtoto aliyeachwa kwenye nyumba isiyo yake yumo. Mshahara wa dharau umo. Ile skripti aliyoshindwa kuitengeneza ilikuwa inavuja kwenye kazi nyingine.

Ikavuja tena 2006, safari hii kwenye muvi ya mtu mwingine. Cao Hamburger, waliyekuwa naye TV Cultura, alifanya O Ano em Que Meus Pais Saíram de Férias na Muylaert alikuwa kwenye timu ya waandishi. Ni 1970, udikteta wa kijeshi, Kombe la Dunia la Pelé, mtoto anaachwa mlangoni kwa babu yake mtaa wa Bom Retiro na wazazi wanaokimbia, kumbe babu kafariki, mtoto anabaki mikononi mwa jirani mzee wa Kiyahudi. Tena mtoto kaachwa mlangoni, tena anayelea siye mzazi. Na kuna kitu kimoja hapo kinanifurahisha kila nikikumbuka: yule mtoto, Michel Joelsas, ndo huyo huyo aliyekuja kucheza Fabinho, mtoto wa bosi kwenye muvi ya 2015. Katoto kaliyokuwa kanasubiri wazazi wake mlangoni kakakua kakawa kijana mwenye bwawa la kuogelea, na bado analala kwa dada wa kazi akikosa usingizi.

Kati kati hapo kuna É Proibido Fumar ya 2009, mwigizaji Glória Pires ndani, akicheza mwalimu wa gitaa mwenye sigara na upweke wake kwenye fleti. Ilibeba tuzo ya muvi bora tamasha la Brasília. Nzuri, kavu, ina uchawi wake, ila kwa kisa chetu naipita.

Sasa tuingie kwenye skripti yenyewe. Kwenye matoleo ya zamani yule binti, Jéssica, anakuja São Paulo kumfuata mama yake na mwisho anaangukia kule kule, analea watoto wa watu. Muylaert mwenyewe amelieleza hilo kwenye mahojiano, kwamba kadri muda ulivyoenda aliona ule mwisho haufai tena. Na ukifikiria, ule mwisho ulikuwa na mantiki yake, umaskini unarithiwa, mama yaya binti yaya, hata mimi ningeuandika hivo, mwandishi yeyote mwenye moyo angeuandika hivo. Ila shida yake ni hii: mwenye nyumba akiangalia muvi kama hiyo anatoka sinema akiwa na majonzi na dhamiri safi. Anaonea huruma. Hakuna kilichoguswa kwenye nyumba yake, bwawa lake lina maji.

Kilichotokea ni kwamba wakati skripti imelala, nchi ilikuwa inatembea. Rais Lula kaingia 2003, ikaja Bolsa Família, ile ruzuku ya serikali kwa familia maskini, ikaja ProUni ya kuwalipia ada watoto wa familia za kipato cha chini kwenye vyuo binafsi, vyuo vya umma vikaongezwa hadi mikoani, na Agosti 2012 ikaja sheria inayotaka nusu ya nafasi za vyuo vya shirikisho ziende kwa waliosoma shule za serikali, ndani yake kukiwa na mgawo wa weusi na wenyeji asilia. Usinielewe vibaya, Brazili haikuwa peponi, lakini kuna kizazi kilizaliwa cha vijana wa Kaskazini-Mashariki ambao kwao walikuwa wa kwanza kushika karatasi ya chuo kikuu, na hao vijana walikuwa hawatembei wameinamisha kichwa. Jéssica mpya katoka hapo. Karibu na kushuti Muylaert akageuza: binti haji kutafuta kazi, anakuja kufanya mtihani wa kuingia USP, kusomea usanifu majengo.

Na hapo kuna akili ambayo wengi hawaioni. USP ni chuo cha jimbo la São Paulo, siyo cha shirikisho, kwa hiyo ile sheria ya 2012 haikukigusa, mgawo pale ulipitishwa 2017. Mtihani wake, Fuvest, unaogopeka nchi nzima. Maana yake Jéssica hapiti mlango ambao mtu anaweza kumwambia "umebebwa wewe", anapita ule ule anaoupita Fabinho, mtoto wa bosi mwenye shule za hela, na matokeo ya awamu ya kwanza yanapotoka Jéssica kapita, Fabinho kafeli. Bosi akisikia binti anataka usanifu USP kwanza anacheka kwa upole ule wa "masikini, atajua mwenyewe". Halafu anakosa cha kucheka.

Tuiangalie nyumba sasa, manake huu ndo utamu wa muvi. Morumbi, mtaa wa wenye nazo. Val, dada wa kazi, anachezwa na Regina Casé, yupo pale miaka na miaka, binti yake hajamwona karibu miaka 10. Kamera mara nyingi imewekwa jikoni, imetulia tuli, inaangalia sebule ya kulia chakula kupitia mlango. Unaona kipande cha meza, mkono wa mtu, mgongo wa mtu, unasikia mazungumzo ya familia kama anavyoyasikia Val akiwa anasubiri kuitwa kutoa sahani. Dairekta wa picha ni mwanamama wa Uruguay, Bárbara Alvarez, na ule uamuzi wake wa kutoihamisha kamera ni mkali sana kwa sababu wewe mtazamaji unajikuta upo upande wa jikoni utake usitake. Lile jina la zamani la skripti likaacha kuwa jina likawa sehemu ya kuweka kamera. Ni mahali pachache nimeona kitu kilichokatwa kwenye karatasi kikiokolewa namna hiyo.

Jéssica anafika, mama yake kamwandalia godoro kwenye kile kichumba cha dada wa kazi, kidogo, joto, maboksi. Wabrazili wanacho hicho chumba kwenye ramani za nyumba zao kabisa, nyuma ya jikoni, walio Nairobi wataita SQ. Binti anazungushwa nyumba, anafika chumba cha wageni, kitanda kikubwa, meza ya kusomea, anauliza kwa utulivu kabisa: hiki hakitumiki? naweza kukaa hapa? Hagombi, hadai haki, anauliza tu kama mtu anayeona chumba kitupu na ana mtihani wa kusomea. Val anataka ardhi ipasuke. Baba mwenye nyumba, Carlos, anasema sawa akae.

Halafu inaanza ile vita ya vitu vidogo. Aiskrimu. Kwenye friji kuna aiskrimu nzuri ya Fabinho na kuna ile nyingine ya kawaida, Val anajua ipi ni ya nani bila kuandikwa popote, Jéssica anakula ya Fabinho. Meza ya chakula, nani anakaa nani anasimama. Bwawa, Val kaishi pale miaka yote hajawahi kutia hata mguu. Mwishowe Bárbara, mama mwenye nyumba, anamwambia Val wazi kwamba binti yake abaki upande wa mlango wa jikoni, ng'ambo ya hapo asivuke. Hasemi kwa ukali. Anasema kama anayeomba msaada, na ndo inavyouma.

Na Val siyo malaika aliyeonewa. Hapa ndo kwenye ubora wa uandishi wenyewe. Mlinzi mkuu wa sheria za ile nyumba ni Val, siyo Bárbara. Ndiye anayemkaripia mwanae, ndiye anayemwambia hivi vitu mtu anazaliwa anavijua, havifundishwi. Binti anamuuliza kajifunzia wapi kwamba hiki hakishikwi, pale hapakaliwi, ulipewa kitabu? Kuna pahala mama anamlaumu kwamba anajiona bora kuliko watu, binti anamjibu kwamba hajioni bora, ila tu hajioni duni. Nimewahi kuona watu wakibishana kuhusu Jéssica, wengine wanasema hana adabu, ugenini hivo unakaaje, na nadhani hilo bishano lenyewe ndo kazi ya muvi. Ukimwona Jéssica hana adabu jiulize adabu ya nyumba ya nani.

Carlos naye usimsahau. Anaishi kwa urithi, zamani alichora, sasa anaamka mchana. Anaonekana ndo mtu mwema, kampa binti chumba, anamzungumzisha mambo ya sanaa. Halafu siku moja anapiga magoti anamwomba amuoe, anaona sura ya binti, anageuza kuwa utani. Dakika mbili hivi za muvi lakini ukishaziona, ule wema wote wa nyuma unaanza kunuka. Muylaert hakuweka ubakaji wala kashfa kubwa, angeweza, waandishi wengi wangeona ndo pa kuleta moto. Kaweka aibu ndogo inayofichika, ile ambayo binti akimwelezea mtu ataambiwa "si alikuwa anatania".

Kuhusu Regina Casé, hilo nalo ni uamuzi wa kuchambua. Brazili Casé ni uso wa televisheni, Jumapili za stesheni ya Globo, kicheko, kelele, kila nyumba inamjua, hadi na majikoni yenyewe. Kumchukua huyo na kumvalisha sare ya dada wa kazi ilikuwa karata ambayo ingeweza kugeuka kichekesho cha ovyo. Haikugeuka. Lafudhi ya Pernambuco, mwendo wa mtu anayetembea kando ya ukuta ili asichukue nafasi, na bado anachekesha, manake Val ni mtu wa utani. Tamasha la filamu la Sundance, Marekani, Januari 2015 yeye na Camila Márdila aliyecheza Jéssica wakapewa tuzo maalumu ya uigizaji. Mwezi uliofuata tamasha la Berlin, kitengo cha Panorama, muvi ikabeba tuzo ya watazamaji. Brazili ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar, haikuingia kwenye walioteuliwa.

Nyumbani ilitoka tarehe 27 Agosti 2015 na hapo muda ulifanya kazi ambayo hakuna matangazo yangefanya. Sheria ya kazi ya Brazili ya 1943 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Katiba ya 1988 ikawapa baadhi ya haki siyo zote. Aprili 2013 katiba ikarekebishwa wawe sawa na wafanyakazi wengine, kikomo cha saa 44 za kazi kwa wiki, malipo ya saa za ziada, na tarehe 1 Juni 2015 ikasainiwa sheria ya utekelezaji. Tunaongelea watu zaidi ya milioni 6, karibu wote wanawake, wengi wao weusi, kwenye nchi iliyofuta utumwa 1888, ya mwisho katika Amerika nzima. Kwa hiyo muvi inaingia sinema wakati mama wenye nyumba wako kwenye magazeti wanalalamika kwamba sasa dada wa kazi hawalipiki, na yule wa "lakini kwetu yeye ni kama ndugu" yuko kila kona. Ile sentensi ya kama ndugu ndo muvi inayoibomoa, ndugu gani hajawahi kuogelea.

Watazamaji karibu nusu milioni. Kwa muvi ya aina hii ni nyingi, ila tusijidanganye, Brazili ina watu zaidi ya milioni 200 na vichekesho vikubwa vya huko vinavuka milioni kadhaa bila jasho.

Mwisho wa Agosti huo huo kukatokea kisanga Recife. Muylaert kaenda kwenye mjadala baada ya kuonyesha muvi, pale sinema ya Fundação Joaquim Nabuco, na madairekta wawili wa kiume wenye majina, wenyeji wa kule, wakiwa wamelewa wakavuruga mjadala, wakamkatisha na kumwingilia, na waandaaji baadaye wakawapiga marufuku kwenye ukumbi kwa mwaka mzima. Tukio lenyewe ni la usiku mmoja, ila lilifungua mazungumzo ambayo hayakuwa yanafanyika kwa sauti. Mwanamke aliyeandika na kuongoza, ana tuzo mbili za kimataifa mwaka huo huo, mwakilishi wa nchi kwenye Oscar, bado ukumbini wanaume wanaona ni haki yao kuchukua nafasi. Muylaert alianza kuongelea ubaguzi wa kijinsia kwenye filamu kwa uwazi kuanzia kipindi hicho. Ulinganifu na muvi yake ni wa kutisha kidogo, yaani hata yeye kumbe alikuwa na mlango wake.

Ila hapa lazima tuseme na upande wa pili. Muylaert ni mwanamke mweupe wa tabaka la kati, ametoka upande wa sebule, siyo wa jikoni. Wakala wa filamu wa serikali, Ancine, ilipohesabu muvi 142 za Kibrazili zilizotoka 2016, zilizoongozwa na wanawake peke yao hazikufika asilimia 20, na iliyoongozwa na mwanamke mweusi ilikuwa hakuna hata moja. Na siyo kwamba hawajawahi kuwepo, Adélia Sampaio, mtoto wa dada wa kazi kweli kweli, aliongoza muvi ndefu Amor Maldito mwaka 1984, akanyimwa hela za serikali, waigizaji na mafundi wakafanya kwa kushirikiana, na ili ipate sinema São Paulo ikabidi itangazwe kama muvi ya ngono ambayo wala siyo. Miaka mingi jina lake lilikuwa halitajwi. Kwa hiyo ukisema stori ya dada wa kazi wa Brazili ilisubiri miaka 20 ipate nafasi, swali la haki ni nani mwingine alikuwa kwenye foleni na hakufika kabisa. Simlaumu Muylaert kwa hilo, alichoandika kakiandika kwa macho makavu na hakujisafisha, Bárbara anaweza kabisa kuwa rafiki yake au yeye mwenyewe. Lakini kuna vitu Val angesema ambavyo mtu aliyekaa mezani hawezi kuvisikia.

Baada ya hapo angeweza kurudia fomula, watu walikuwa wanasubiri. Mwaka mmoja tu baadaye 2016 akatoa Mãe Só Há Uma, ndogo, ya harakaharaka, imetokana na kisa cha kweli cha mtoto aliyeibiwa hospitali ya uzazi. Kijana anagundua mama aliyemlea ndiye aliyemwiba, anapelekwa kwa wazazi waliomzaa, na huku yeye mwenyewe anavaa magauni na kupaka rangi kucha, wazazi wapya hawajui wamshike wapi. Mama wote wawili wanachezwa na mwigizaji mmoja, Daniela Nefussi, na watu wengine hawatambui mpaka majina ya mwisho. Kisha ikaja Alvorada aliyofanya na Lô Politi, dokumentari ya 2021, kamera imekaa ndani ya ikulu rais Dilma Rousseff akisubiri kuondolewa madarakani 2016. Na unajua inaangalia nini? Wahudumu. Wanaopanga meza, wanaofagia, wanaozima taa. Nilicheka nilipoona, nikasema huyu mama hata ikulu kaingilia jikoni.

O Clube das Mulheres de Negócios ya 2024 kwangu ilikwama, dunia imegeuzwa wanawake ndo wababe na wanaume ndo wanaonyanyasika, wazo unalielewa dakika ya kumi na muvi inaendelea kukueleza. Alirudi vizuri 2025 Berlin na A Melhor Mãe do Mundo. Shirley Cruz ni Gal, mama anayeokota taka za kuuza kwa mkokoteni, anamkimbia mume anayempiga, mume anachezwa na Seu Jorge, anawapakia wanawe wawili kwenye mkokoteni na kuwaambia wanaenda matembezi makubwa, akivuka São Paulo kwa miguu. Hakuna nyumba tena. Hakuna mlango wala chumba cha nyuma, kuna barabara na matairi mawili, na mwanamke mweusi siye wa pembeni, muvi nzima ni yake. Naona hapo kuna jibu kwa lile deni la 2015, japo aliyeshika kalamu bado ni yule yule.

Anayetaka kumwangalia nashauri aanze na Durval Discos na asiizime nusu saa ya kwanza hata kama anaona ni komedi ya kizamani ya mzee na santuri zake, avumilie mpaka taarifa ya habari. Halafu ndo Que Horas Ela Volta?, na kama mna dada wa kazi nyumbani muulizeni kama naye anataka kuiangalia, kwenye kochi.